Riflekta ya Getini Haitoshi

Asubuhi nje ya mageti ya bandari ya Kilindini, Mombasa, au kwenye magodauni ya Shimanzi, karibu kila anayeingia kazini amevaa vitu vitatu: helmeti, riflekta na buti. Vitu hivyo ndivyo askari wa geti hukagua, kwa hiyo ndivyo watu hununua. Lakini geti halijui mtu anakwenda kufanya kazi gani. Kijana anayekwenda kufagia vumbi la ngano, fundi anayekwenda kukata bamba kwa grenda na kibarua anayepanda juu ya kontena wote hupita na vitu vile vile, ilhali kinachoweza kumuumiza kila mmoja wao ni kitu kingine kabisa.

Basi kabla hujaenda dukani, ipitie kazi yenyewe hatua kwa hatua. Hapa ni nini kinaweza kuniruka usoni, kuniangukia, kuniunguza, kuingia kifuani au kuniangusha? Kisha uliza lile swali ambalo mafomeni wengi hulikwepa: hakiwezi kuondolewa? Kifaa cha kuvaa huja mwisho kwa sababu humkinga mtu mmoja tu, na tena akiwa amekivaa sawasawa. Ukikata vigae kwa mashine inayodondosha maji, vumbi haliruki, na wote walio chumbani wamesalimika bila barakoa hata moja kununuliwa.

Grenda

Nitakaa kidogo hapa, maana kuanzia Jomvu hadi Mtwapa hakuna karakana ya vyuma isiyo na grenda, na nyingi hazina kinga yake ya bati.

Grenda ndogo, ile ya diski ya milimita 115, huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Diski yake kwa kawaida imeandikwa kikomo cha mara 13,300, kwa hiyo ina nafasi ya kupumua. Diski kubwa ya milimita 230 kikomo chake ni kama mara 6,600. Sasa fundi akiona diski ndogo haifiki anakotaka, anafungua kinga, anavisha diski kubwa kwenye mashine ndogo na kuwasha. Diski inakimbizwa zaidi ya mara moja na nusu ya kasi iliyoandikwa juu yake. Siku itakapopasuka, vipande vitatoka kama risasi, na miwani ya shilingi mia mbili haitavizuia.

Miwani ya kujikinga yenye alama ya EN 166, kiwango cha Ulaya, na herufi F hujaribiwa kwa gololi ya chuma ya milimita 6 inayoipiga kwa kasi ya mita 45 kwa sekunde. Ukingo wa diski ikiwa kwenye kikomo chake huenda mita 80 kwa sekunde. Kwa hiyo miwani ile inafaa kwa cheche na chembe za chuma, haifai kwa diski iliyopasuka. Kwa kukata, vaa miwani na juu yake ngao ya uso yenye herufi B, iliyojaribiwa kwa mita 120 kwa sekunde. Usivae ngao peke yake: chembe huingia kutoka chini ya kidevu, hugonga upande wa ndani wa ngao na kurudi jichoni. Na kinga ya bati ibaki mahali pake, imegeuzwa upande wa mwili wako.

Jambo jingine ambalo huku pwani lina uzito wake: tazama kipete cha chuma katikati ya diski. Kimechapwa mwezi na mwaka. Hiyo ni tarehe ya mwisho ya kutumia, kwa kawaida miaka 3 tangu diski itengenezwe, kwa sababu gundi inayoshikilia punje za kukatia hudhoofika, na unyevu huiharakisha. Diski iliyorowa kwenye mvua ya masika itupe. Kuianika juani hakurudishi nguvu ya gundi.

Glavu za ngozi zinazobana mkono zinafaa kwa grenda. Kwenye kekee ya kusimama na mashine ya kukereza mambo hugeuka: vua glavu kabisa, kunja mikono ya shati juu ya kiwiko, na mtandio au kilemba kichomekwe ndani ya ovaroli. Chuma kinachozunguka kikishika uzi mmoja wa glavu kinachukua kidole, na kikishika kidole kinachukua mkono.

Ukungu kwenye miwani ndio sababu ya kweli inayowafanya watu waivue. Tafuta miwani yenye herufi N kwenye kioo, yaani imepakwa dawa ya kuzuia ukungu. Ukikosa, paka tone la sabuni ya vyombo, ipanguse kwa kitambaa laini bila kuisuuza. Na usifute kioo kikavu kwa shati. Vumbi na chumvi ya hewa ya baharini hukikwaruza, na kwa wiki chache mtu anaona kila kitu kama kupitia mfuko wa nailoni. Mwagia maji kwanza, ndipo ufute.

Kuchomelea, na ile homa ya jioni

Kioo cheusi cha kuchomelea kina namba. Kwa fimbo za milimita 2.5 na 3.2, ambazo ndizo za mageti na madirisha ya kawaida, namba 10 au 11 ndiyo inayofaa. Kukata kwa gesi ni namba 4 hadi 6. Miwani ya jua, hata iwe nyeusi namna gani, haimo kwenye hesabu hiyo. Ubaya wake ni kwamba hupunguza mwanga tu, mtu akaona raha na kukazia macho zaidi.

Anayeumia mara nyingi si fundi, ni kijana anayemshikia chuma, aliyeambiwa "angalia pembeni." Mwanga wa kuchomelea huunguza uso wa jicho bila kuuma papo hapo. Maumivu huanza saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku: macho huwasha kana kwamba yametiwa mchanga, machozi hayakomi, na taa haitazamiki. Huyo kijana anastahili ngao yake, si vipande vya viazi mbichi na maziwa ya kudondoshea machoni. Macho yakiwa hivyo, mpeleke kliniki ya macho, na asitie tone lolote aliloazima kwa jirani.

Mabomba yenye mng'ao wa kijivu, yaliyopakwa zinki, yana hila ya pili. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe. Aliyeuvuta hurudi nyumbani mzima, na saa chache baadaye anatetemeka, ana homa, kichwa kinamgonga na ana ladha ya chuma mdomoni. Mombasa mtu akitetemeka jioni, neno la kwanza ni malaria, na dawa hunywewa bila kupimwa. Homa ya moshi wa zinki huondoka yenyewe kwa siku moja au mbili, hivyo mgonjwa hudhani dawa imefanya kazi. Apime malaria, naam, lakini amweleze daktari alikuwa anachomelea nini. Kinga yake ni kusugua zinki kwa grenda sentimita 5 kila upande wa kiungo, kukaa upepo ukitokea ubavuni ili moshi usipite usoni, na kuvaa barakoa ya kuchuja vumbi na moshi, ya FFP2 au FFP3, inayoenea chini ya ngao. Kunywa maziwa hakuzuii kitu. Moshi umekwenda mapafuni, maziwa yanakwenda tumboni.

Suruali ya fundi iangukie nje ya buti. Ukiichomeka ndani, umetengeneza faneli ya kupokea cheche.

Kupumua: barakoa, ndevu na mashimo

Ile barakoa ya rangi ya samawati ya hospitalini haikubani uso, kwa hiyo vumbi la simiti, la ngano au la makasha ya chai hupita pembeni. Kwa vumbi, tafuta FFP2, inayochuja angalau asilimia 94, au N95, asilimia 95. Penye vumbi la mawe na zege linalokatwa, FFP3. N95 ya kweli ina kamba mbili za kuzunguka kichwa. Ukiuziwa "N95" yenye vitanzi vya masikio, umeuziwa jina. Herufi NR kwenye FFP2 maana yake ni zamu moja, kisha inatupwa.

Kuivaa kuna utaratibu. Kamba ya juu ikae utosini, ya chini shingoni chini ya masikio. Wengi huacha ya chini ikining'inia, na hapo kidevu kinabaki wazi. Bana waya wa pua kwa vidole vya mikono yote miwili, kwani ukitumia mkono mmoja unatengeneza pembe kali inayovujisha. Kisha funika barakoa kwa viganja, pumua nje kwa nguvu, na usikilize hewa inatokea wapi. Ikitokea kando ya macho, rekebisha pua. Ikitokea mashavuni, rekebisha kamba.

Sasa ndevu, na tuzizungumze bila kuoneana haya. Barakoa inayobana uso haizibi juu ya ndevu, hata za siku chache. Hewa hufuata njia rahisi, na njia rahisi ni katikati ya nywele. Kumwambia mtu achague kati ya ndevu zake na kazi ni uvivu wa meneja. Zipo kofia zinazofunika kichwa chote, zenye pampu ndogo ya betri inayosukuma ndani hewa iliyochujwa, na hizo hazitegemei kubana ngozi. Ni ghali, lakini chache zikitosha kwa wenye ndevu wa zamu ile, suala limekwisha. Asiyeweza kuzinunua ampangie mwenye ndevu kazi isiyo na vumbi.

Kwa rangi za kupuliza, thina na dawa, barakoa ya vumbi haisaidii chochote. Mvuke hupita kama hakuna kitu. Hapo panahitaji barakoa ya mpira yenye makopo ya kuchuja hewa, na makopo ya mfumo wa Ulaya yana rangi: kahawia kwa mvuke wa thina na petroli, kijivu kwa gesi kama klorini, njano kwa gesi za asidi, kijani kwa amonia ya vyumba vya barafu na samaki, nyeupe kwa vumbi. Kopo likishafunguliwa huanza kunyonya unyevu wa hewa hata likiwa limetundikwa ukutani. Lihifadhi kwenye chombo au mfuko uliofungwa barabara, andika tarehe uliyolifungua, na ukianza kunusa thina, toka nje kwanza ndipo ubadilishe.

Kuna mahali ambapo hakuna kopo wala barakoa ya kuchuja inayofaa: matangi ya meli, mashimo ya vyoo, visima, na tumbo la meli lililofungwa kwa muda mrefu. Chujio husafisha hewa iliyopo, haliongezi oksijeni. Ndani ya tangi la chuma lililofungwa, kutu yenyewe hula oksijeni. Makaa ya mawe, mbao na nazi kavu hufanya vivyo hivyo. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, kipimo kikionyesha chini ya 19.5, mtu haingii bila mtungi wake wa hewa. Pima juu, katikati na chini kabisa kabla ya kuingia, kwa sababu gesi ya shimo la choo hukaa chini. Msimamizi abaki mlangoni, na anayeingia afungwe hanesi, yaani mikanda ya kuvaa mwilini, yenye kamba ya kumvutia nje. Mwenzako akianguka ndani, usimfuate. Anayemfuata bila hewa yake huanguka juu yake, na wa tatu juu yao.

Kontena lililopigwa dawa ya kuua wadudu nalo si la kukimbilia. Fungua milango yote miwili, simama pembeni, liache lipate hewa, na lipimwe gesi kabla kibarua wa kwanza hajapanda. Unga wa kijivu kwenye vifuko sakafuni ni mabaki ya dawa. Haushikwi kwa mkono mtupu wala haumwagiwi maji.

Hanesi juu ya kontena: fanya hesabu

Watu wengi huamini kwamba ukivaa hanesi umesalimika. Hesabu yenyewe ni hii. Kamba ina mita 2. Kifuko chake cha kupunguza mshtuko hufunguka hadi mita 1.75. Kutoka pete ya mgongoni hadi nyayo zako ni kama mita 1.5. Weka mita 1 ya akiba. Jumla ni mita 6.25 chini ya pale ulipofunga kamba.

Kontena la kawaida lina kimo cha kama mita 2.6. Ukifunga kamba miguuni pako juu ya kontena moja, utafika chini kabla kamba haijakaza. Juu ya kontena mbili zilizopandana, mita 5.2, bado utafika. Ndiyo maana juu ya kontena, au kwenye paa la nyumba ya orofa moja, suluhisho ni kufunga juu ya kichwa kwa kamba inayojivuta yenyewe na kukaza mara tu ukianza kuanguka, au kutumia kamba fupi isiyokuruhusu kufika ukingoni hata kidogo. Hii ya pili ni rahisi na husahauliwa sana.

Mahali pa kufunga pawe pa kuhimili kilonyutoni 12, kwa lugha ya kazini kama tani moja na robo. Bomba la maji, reli ya dirisha na nondo moja iliyochomoza hapana. Mkanda wa kiunoni peke yake usiutumie kuzuia anguko, maana huvunja mgongo au kupasua vya tumboni. Na weka mpango wa kumteremsha aliyening'inia kwa dakika, si kwa kungoja gari la zimamoto. Miguu ikining'inia bila kutikisika damu hukwama chini na mtu anaweza kufa akiwa hana jeraha.

Hewa ya bahari hula hanesi kimyakimya. Kunja utepe uwe kama herufi U na utazame nyuzi zilizokatika, rangi iliyopauka kwa jua, mishono iliyofumuka, chumvi na kutu kwenye pete na ndoano. Kifuko cha mshtuko kilichofunguka hata kidogo kimekwisha kazi.

Masikio, miguu na kichwa

Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2005 huweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8. Kipimo cha haraka: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, umeshaingia eneo la kuvaa kinga. Kizibo cha sponji kisokotwe kiwe chembamba, sikio livutwe juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, kitiwe, kishikiliwe sekunde 20 hadi 30 kikifumuka. Kikibaki nje nusu nzima hakifanyi kazi. Na ukivaa kinga inayopunguza kelele kwa desibeli 30 zamu nzima ya saa 8 ila nusu saa ya kupiga soga karibu na jenereta, faida yako yote inashuka hadi kama desibeli 12.

Buti zenye soli ya polyurethane, aina ya plastiki nyepesi, zina ugonjwa wa pwani. Unyevu na joto huivunjavunja soli hata kama buti hazijavaliwa. Unazitoa stoo baada ya miaka michache zikiwa mpya, siku ya pili soli inabomoka kama keki. Nunua za mwaka huu, usizirundike. Alama ya S3 maana yake kidole kina kinga inayohimili kishindo cha jouli 200, soli haitobolewi na msumari, na maji hayapenyi upesi. Kwa kazi ya zege mbichi, gambuti na glavu za nitraili: simiti iliyorowa ina alkali kali na huunguza ngozi polepole, mtu akadhani ni jasho hadi jioni anapoona goti limebanduka.

Helmeti: chini ya ukingo wake kuna duara lenye mshale na mwaka, ndiyo tarehe ya kutengenezwa. Usiipake rangi, usiitoboe, usiweke simu au sigara kati ya ganda na utepe wa ndani, kwa sababu nafasi hiyo ndiyo inayomeza kishindo. Ikipigwa na kitu kizito mara moja, ibadilishwe hata kama haina ufa. Iliyopauka na kutoa unga ukiisugua kwa kidole, jua limeshaimaliza. Hijabu chini ya helmeti ni sawa ikiwa nyembamba na bila fundo wala pini utosini.

Joto, sheria na duka

Kuanzia Januari hadi Machi, kaskazi ikivuma, ovaroli nzito saa saba mchana ni adhabu, na mtu akizidiwa na joto huvua kila kitu. Kazi za vifaa vizito zianze alfajiri, maji yanywewe glasi kila dakika 20 hata bila kiu, na Ramadhani zihamishiwe asubuhi mapema au usiku. Helmeti yenye matundu ni nafuu, ila fundi wa umeme asiivae.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 101, humtaka mwajiri atoe na kutunza mavazi na vifaa vya kinga vinavyofaa. Neno "kutunza" linasahaulika, yaani kubadilisha kichakavu ni juu yake pia. Mfanyakazi naye anatakiwa avitumie. Penye watu 20 au zaidi panatakiwa kamati ya usalama, na hapo ndipo pa kupeleka malalamiko ya glavu zinazopasuka siku ya kwanza.

Dukani soma kifaa chenyewe, si pakiti. Jina la mtengenezaji, namba ya kiwango, na kwa hanesi na barakoa za Ulaya, alama ya CE ifuatwe na tarakimu 4. Hanesi isiyo na lebo, hata iwe mpya, irudishe. Ya kwako ikishakwisha muda usiiache kwenye pipa ikiwa nzima: kata tepe zote kwa kisu na utenganishe pete, ili isioshwe na kuuzwa tena kwa fundi wa mjengo.